Sss, Baba Amelala

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nyingine mpelekee Baba mkononi, asije akasema nimemruka. Natumaini barua hii inawakuta wazima, goti lako limepunguza ukorofi, na Baba bado anabishana na redio kama kawaida yake. Sisi huku hatujambo. Mkweo hajambo, wajukuu zako hawajambo, na mimi nimenenepa kidogo, habari ambayo najua itakufurahisha kuliko zote nitakazoandika hapa.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Simu nimeiogopa, Mama. Ungeniuliza kuna nini hata kabla sijamaliza salamu, nami ningesema hakuna, tukaishia kuzungumzia bei ya mafuta ya kupikia. Nina jambo la kukiri, na la kukiri linataka karatasi. Lakini kwanza nikupe habari za nyumba, maana jambo lenyewe limo humo humo.

Mwenye nyumba wetu wa zamani alikuja siku moja mchana, akaketi, akanywa chai vikombe viwili, kisha akasifu mapazia. Nikajua hapo pana neno, maana mtu hasifu mapazia yako bure. Akasema kijana wake anaoa na atahitaji vile vyumba, na kwamba anatupa miezi miwili tutafute pengine taratibu. Hatukugombana. Tulimtakia kijana heri, tukamsindikiza hadi barabarani, na tuliporudi ndani tukatazamana kama watu walioachwa na gari.

Kazi ya mkweo unaijua. Anaingia bekari jioni, anakesha na tanuri, anarudi asubuhi na mkate wa moto chini ya kwapa. Tunakula wote wanne, wasichana wanakwenda shule, naye analala mchana. Na unajua pia nilivyoulinda usingizi huo, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha. Kile kitambaa chekundu ulichonipa siku ninaolewa, ukaniambia usingizi wa mtu wa kazi ya usiku hushikwa kama yai, nilikifunga kwenye kitasa cha chumba kila asubuhi kwa miaka kumi na moja, kama ulivyokuwa ukifunga wewe Baba alipokuwa mlinzi. Kitambaa kikiwa kwenye kitasa, nyumba nzima inatembea kwa ncha za vidole. Bawaba za milango nilizipaka mafuta. Wasichana niliwafundisha kuosha vijiko kimoja kimoja, na kupiga chafya ndani ya mto. Cherehani yangu nilikuwa naibeba kila siku hadi kibarazani kwa jirani muuza vitambaa, nashona huko, narudi nayo alasiri mkono ukiwa umekufa ganzi. Tulikuwa hodari, Mama. Ungetuona ungejivunia.

Ila mwaka jana, kumbe hata hivyo haikutosha, mkweo alisinzia mbele ya tanuri akaegemea mlango wake wa chuma. Lile kovu la mkononi uliloliona ukauliza, nikakwambia ni mafuta ya jikoni, si mafuta. Sikutaka uhangaike. Tangu siku hiyo niliongeza ulinzi mara mbili. Hata saa ya ukutani niliitoa betri.

Halafu kuna Chiriku. Huyu mdogo tulimpa jina hilo kwa kuwa tangu aote meno hajafunga mdomo, lakini yote anayasema kwa kunong'ona. Mwezi ule ule wa habari za mwenye nyumba, mwalimu wake aliniita shuleni. Akaniambia mtoto anajua majibu yote, ila darasa halimsikii. Akimwambia apaze sauti, anageuka kutazama mlango kama anayeogopa kumwamsha mtu. Nilirudi nikilia njia nzima, na nilipofika nyumbani nilinawa uso nje, nikaingia kimya kimya, kwa sababu mkweo alikuwa amelala.

Kwa hiyo nyumba tuliyokuwa tunatafuta mimi nilijua ni ngumu kuliko wenzangu walivyodhani. Nilitaka nyumba ambayo baba atalala na mtoto atasema. Nikajiambia hakuna nyumba kama hiyo duniani, na nikiichagua sauti ya mtoto huenda nitamchoma mume wangu mkono wa pili.

Sasa nikueleze namna mkweo anavyokagua nyumba. Wanaume wengine hugonga kuta, hufungulia mabomba, huchungulia dari. Yeye anauliza chumba cha kulala ni kipi, anakunja koti lake lenye unga, analiweka chini, analala chali sakafuni, anafunika uso kwa kofia, na anakaa hivyo robo saa nzima. Mara ya kwanza dalali alidhani ameanguka. Dalali wetu ni mtu mwembamba mwenye simu mbili na viatu vinavyolia kwii kwii. Alinivuta pembeni akaniuliza kama mzee ana maradhi, maana mwenye nyumba hapendi mambo ya msiba hata kabla ya kodi. Nikamwambia asubiri, huyo ndiye mpangaji, na hapo ndipo anapopima. Somo yako naye alikuwa na daftari lake. Unamjua mjukuu wako huyo, ana miaka kumi lakini akili ya bibi kizee kama jina lake. Alichora safu za jiko, choo, umbali wa shule, na ya mwisho aliandika juu yake: Baba atalala? Hiyo ya mwisho ilihesabiwa mara mbili.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ghorofani, hatua chache kutoka bekari. Jiko lilikuwa zuri, Mama, lina kabati hadi juu, nililishika shika kama kitambaa cha bei mbaya. Dalali akatuonyesha kijichumba akakiita chumba cha wageni, nikamwambia mgeni huyo itabidi alale amesimama. Mkweo alilala sakafuni, na kwa dakika kumi nilidhani amepitiwa kabisa, maana tulisikia magari ya barabarani na yeye anakoroma kidogo. Kumbe nyuma ya ukuta pana shule. Kengele ya mapumziko ilipolia aliruka kofia ikaenda upande wake. Akasema watoto hana ugomvi nao, anao wawili, ila kengele ile siku moja itamtoa roho. Somo yako akaandika sifuri akaipigia mstari.

Ya pili ilikuwa mbali, mwisho kabisa wa barabara, nyumba ya peke yake yenye ua mpana na kamba ya nguo tayari imefungwa. Kimya chake sijapata kukisikia. Hata mbwa wa nyumba ya jirani alitutazama akaona hakuna haja ya kubweka. Dalali nilimvulisha viatu mlangoni. Mkweo alilala robo saa yake, akainuka, akasema ni nyumba nzuri. Nilimuuliza kama alisinzia, akasema kidogo. Lakini macho yake hayakuwa ya mtu aliyesinzia, na shingo ilikuwa imekaza. Nikadhani ni ugumu wa sakafu.

Tulirudi tukaijadili ile ya mbali siku tatu. Somo yako aliipa alama nyingi kuliko zote. Mimi nikasema ni magari mawili kutoka bekari, baba atakuwa anafika saa nne na ninyi mmeshaondoka, na ule mkate wa moto wa asubuhi tutausikia kwa jirani. Hiyo ndiyo saa yetu pekee ya kukaa wote wanne. Mkweo akasema mkate unaweza kuliwa jioni kabla hajatoka. Chiriku akanong'ona kwamba mkate wa jioni ni kiporo. Tulicheka kwa kufunga midomo, kama tulivyozoea. Kusema kweli niliiogopa nyumba ile. Niliona mtoto wangu ndani ya kimya kile, akikua, na sauti yake ikizidi kupungua kama sabuni.

Ya tatu ndiyo hii ninayoandikia. Tulikwenda kuiona Jumapili. Ishike hiyo Jumapili, Mama, nitairudia. Ina vyumba vitatu na ukumbi mrefu mwembamba, na chumba cha mbele kina dirisha kubwa linalotazama barabara. Nilipoliona nilijua cherehani itakaa wapi, kibao cha matangazo kitaning'inia wapi, na wateja watasimama wapi wakisubiri kupimwa. Si mbali na bekari, mkweo anarudi kwa miguu. Jiko lake ni dogo na choo kina mlango unaong'ang'ania, lakini ndoa gani haina kasoro. Alipokuwa amelala sakafuni na kofia usoni, Chiriku aliingia kwenye ule ukumbi mtupu akajaribu jina lake kwa sauti. Ukumbi ukamrudishia. Akapiga tena, kwa nguvu, na tena. Mimi, somo yako na hata dalali tukamgeukia kwa pamoja tukamfanyia sss! Kutazama chini, nikaona kofia ya mkweo inatikisika. Nilidhani ana kikohozi.

Alipoinuka aliniuliza swali moja tu, majirani wa hapa wakoje. Nikamjibu kwamba nimeulizia na ni watu wa utulivu. Akanitazama, akatazama lile dirisha la mbele, akamwambia dalali tunaichukua.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Mama, nilidanganya. Nyuma ya nyumba hii, ukuta kwa ukuta, pana karakana ya mafundi wa mageti. Siku sita za wiki wanakata vyuma na kuchomelea tangu asubuhi hadi jioni, na mashine yao ya kukatia inalia hadi meno yanauma. Nilijua. Dalali alinipigia simu akaniambia nyumba ni nzuri ila ina hao jamaa, labda tukaione Jumapili wakiwa wamefunga. Wazo lilikuwa lake lakini ulimi ulikuwa wangu, na ulisema sawa bila kukwama. Nilijiambia mashine ikilia, Chiriku atalazimika kupaza sauti ili tumsikie. Nilijiambia nitaweka mapazia mazito, nitatafuta pamba za masikio. Mimi niliyelinda usingizi wa mtu kwa miaka kumi na moja, niliuuza kwa dirisha moja na ukumbi unaorudisha sauti. Nilihama na vyombo vyangu Jumapili nyingine, nikiwa nimekaza uso.

Jumatatu ya kwanza ikafika. Mkweo alirudi, tukala, wasichana wakaondoka, akaingia kulala. Nikafunga kitambaa chekundu kwenye kitasa. Haikupita nusu saa, mashine ikaanza. Mama, nilisimama ukumbini nimeshika mdomo kama mwizi. Mlango ukafunguliwa, mkweo akatoka na shuka mabegani, akaniuliza kitu ambacho sikukisikia. Nikamnong'oneza kwamba nilijua, na kwamba anisamehe. Naye hakunisikia. Akaweka mkono sikioni. Nikarudia, bado hakusikia. Basi nikavuta pumzi, nikapiga ukelele ambao sijapata kuupiga tangu unizae, kwamba nilimdanganya, nilijua kuna mafundi, na niliileta familia hapa kwa makusudi! Na wakati huo huo, kama kwa kusudi, mashine ikazimwa. Sauti yangu ikaenda nyumba nzima ikavuka ukuta. Kimya. Kisha fundi mmoja upande wa pili akajibu kwa upole kwamba hakuna neno, mama, sisi tumeshazoea.

Usifikiri mkweo alicheka. Alicheka baadaye sana. Pale aliketi ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni, akaikunja ile shuka mapajani. Mwishowe akasema unga ukiwa na mchanga anao chekeche, lakini uongo wa ndani ya nyumba yake utachekechwa na nini. Aliniuliza mtu tunayelala kitanda kimoja nilishindwaje kumuuliza. Lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Nikalia, nikamweleza yote, ya mwalimu na Chiriku anayetazama mlango, na cherehani ninayoibeba kila siku kama mtoto mgonjwa. La cherehani hakulijua. Alidhani nilipenda kushonea kwa jirani kwa sababu ya mazungumzo.

Ndipo akaniambia jambo ambalo hadi leo nikiliwaza naketi chini. Alisema yeye kelele hazijamzuia kulala hata siku moja. Bekari mashine ya kukandia unga inanguruma usiku kucha, na ikinguruma ndipo moyo wake unatulia, kwa kuwa anajua watu wako kazini na mambo yanakwenda. Kinachomwamsha ni kelele ya kushtukiza, na hakuna nyumba yenye kelele za kushtukiza kama nyumba iliyo kimya. Alisema kwa miaka yote hiyo alikuwa analala pale amekakamaa, akitusikia tunavyobana pumzi, akingoja kijiko kianguke. Akikisikia kimeanguka, alisikia na mimi ninavyomkaripia mtoto kwa kunong'ona, akaona aibu kwa ajili yetu. Basi alikuwa anafumba macho hadi mchana akijifanya amelala, ili taabu yetu isipotee bure. Hata sakafuni kwenye zile nyumba alikuwa anasikiliza kama kuna dalili yoyote ya watu. Ile ya mbali, alisema, ilimtisha kama kaburi, ila mimi ndiye niliyesema tangu mwanzo tutafute penye utulivu, akadhani kimya ni haja yangu.

Kwa hiyo, Mama, lile kovu la mkononi ni langu. Alisinzia kwenye tanuri kwa sababu mchana hakulala, na mchana hakulala kwa sababu nilikuwa namlinda. Nilimwambia hivyo, naye akasema niache upuuzi, mlango wa tanuri hauna jina la mtu. Lakini alinishika mkono kwa ule wenye kovu, na uongo wangu akauacha pale pale. Akaniambia niweke cherehani pale dirishani, nishone. Nikashona. Mashine ya mafundi ikarudi kulia upande ule, yangu ikalia upande huu, na mkweo akalala kama gunia. Unajua alichoamshwa nacho? Mafundi walizima saa saba kwenda kula. Alitoka ameshtuka, akauliza kumetokea nini.

Sasa tuko wiki ya sita. Nina wateja zaidi ya wale wa kibarazani, na mafundi wamenitengenezea kibao cha chuma, nami nimewarekebishia ovaroli zao. Kitambaa chekundu ninafutia mafuta ya cherehani, usikasirike. Chiriku juzi alijibu swali darasani hadi mwalimu akamwambia apunguze kidogo. Alirudi nyumbani akatangaza habari hiyo kuanzia barabarani, na baba yake alikuwa amelala, na hakuna aliyemfanyia sss. Mimi mkono ulinyanyuka wenyewe hadi mdomoni. Nikaushusha.

Mama, sikulaumu hata kidogo, na ukisoma sauti ya lawama hapa basi ni mwandiko wangu mbaya. Ulitulea wanne katika vyumba viwili na mume wa zamu ya usiku, na ulitupa ulichokuwa nacho. Ila kuna moja sijawahi kumwambia mtu. Nilipokuwa na umri kama wa Chiriku, siku moja ulikwenda kisimani, nikasukuma mlango wenye kitambaa chekundu nikachungulia. Baba alikuwa amelala chali, macho makavu wazi, anatazama dari. Aliponiona hakushtuka. Aliweka kidole mdomoni, akanikonyeza, akafumba macho. Nikadhani ni mchezo wetu wawili, nikaitunza ile siri kwa fahari miaka yote hii. Mpaka Jumatatu ile ukumbini ndipo nilipokielewa kile kidole.

Wasalimie ndugu zangu wote wakija Jumapili, na yule jirani wa mbuzi, na umwambie kaka mkubwa gauni la shemeji liko tayari. Wajukuu wanakusalimu, Chiriku anataka niandike kwamba salamu yake ni ya kupiga kelele. Mkweo anasema atakuletea mkate mwenyewe mkija kutuona, chumba kipo, ila mje mkijua kuna mashine.

Na Baba, jioni moja akiwa ametulia na redio, muulize. Muulize kama miaka ile mchana alikuwa analala. Ila ukimuuliza, Mama, usinong'one.

Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako,
Mama Chiriku